Kampuni yetu imenunuliwa na mfuko wa uwekezaji na watu wamekata tamaa. Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni afisa rasilimali watu katika kiwanda cha kusindika asali na nta hapa Tabora. Tuko wafanyakazi kama themanini, na vibarua msimu ukifika. Mzee aliyeanzisha kiwanda ameuza sehemu kubwa ya umiliki kwa mfuko wa uwekezaji wa mtaji binafsi. Tangu waingie, chai ya saa nne imefutwa, tunasaini kwa alama ya kidole, mkopo wa ada wa Januari umesitishwa, gari la kiwanda haliendi tena misibani, na malipo ya wafugaji nyuki yanachelewa. Meneja mpya si mtu mbaya, ila haongei na watu. Watatu wazuri wameshaondoka, akiwemo mama wa mizani anayewajua warina asali wote wa Sikonge na Uyui. Waliobaki wanasubiri saa ya kutoka tu, na uvumi wa kupunguzwa kazi hauishi. Wakubwa wameniagiza niandae siku ya michezo na fulana ili kurudisha morali. Nifanye nini hasa?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na hilo la fulana kwa sababu ndilo wakubwa wako wanalolisubiri: waombe liahirishwe. Ukimgawia fulana mtu asiyejua kama mwezi ujao atakuwa kazini, ataipokea, atashukuru, na akifika nyumbani atauliza fedha ya fulana imetoka wapi ikiwa ya sukari imekosekana. Watu wako hawajakosa burudani, wamekosa majibu. Katika viwanda vilivyobadili wamiliki ambavyo nimeitwa kusuluhisha, mabadiliko yenyewe watu huyazoea, hata yale magumu. Kinachowamaliza ni miezi ya kukisia. Anayekisia hawezi kupanga, hawezi kukopa, hawezi kumwandikisha mtoto shule, na akili yake haiwezi kuwa kwenye kazi iliyo mbele yake. Basi kazi yako ya kwanza ni kupunguza mambo yanayokisiwa, moja baada ya jingine, na kwa maandishi.

Huwezi kuwajibu watu kama hujamwelewa aliyenunua. Mfuko wa namna hii huendesha fedha za wengine: mifuko ya pensheni, kampuni za bima, matajiri, na kwa Afrika Mashariki mara nyingi taasisi za fedha za maendeleo za nchi za nje. Kwa kawaida mfuko huundwa kwa muda wa miaka 10, na kila kampuni inayonunuliwa hushikwa kati ya miaka mitatu na saba, kisha huuzwa. Wanaouendesha hulipwa ada ya karibu asilimia 2 kwa mwaka pamoja na karibu asilimia 20 ya faida. Kwa maneno mengine, siku yao kubwa ni siku ya kuuza, na bei ya siku hiyo hupatikana kwa kuchukua faida ya uendeshaji ya mwaka na kuizidisha mara kadhaa. Tuseme mnunuzi ajaye atalipa mara sita ya faida hiyo. Kila milioni moja inayookolewa kwa mwaka, kwao ni milioni sita wakati wa kuuza. Hapo ndipo chai ilipokwenda. Hakuna aliyewachukia. Kuna kijana aliyefungua jedwali, akaona mstari unaosomeka matumizi mengineyo, akaufuta bila kujua kwamba saa nne ndipo watu wa kuchuja, wa kufungasha na wa ghala hukutana na kuambiana kasoro za asubuhi.

Jua pia kwamba watu wako wana simu na wanasoma. Wakitafuta habari za mifuko hii watakutana na Toys "R" Us, kampuni ya Marekani ya maduka ya vitu vya kuchezea watoto. Ilinunuliwa mwaka 2005 na kampuni za uwekezaji za KKR, Bain Capital na Vornado kwa dola bilioni 6.6, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ilikuwa mkopo uliobebeshwa kampuni yenyewe. Septemba 2017 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, mwaka 2018 ikafunga maduka yake ya Marekani, na zaidi ya watu 30,000 wakapoteza kazi. Ilibidi wafanyakazi waandamane ndipo KKR na Bain zikachangia dola milioni 20 za kuwafuta machozi. Usimwambie mtu kwamba hayo ni uzushi, maana yalitokea.

Ila si picha nzima. Wachumi waliopitia maelfu ya manunuzi ya aina hii Marekani, kuanzia 1980 hadi 2013, walikuta kwamba kampuni zilizokuwa sokoni kwenye soko la hisa zilipunguza ajira kwa wastani wa asilimia 13 katika miaka miwili, zikilinganishwa na kampuni za kufanana nazo ambazo hazikununuliwa. Kampuni za watu binafsi, kama hiyo ya mzee wenu, ziliongeza ajira kwa asilimia 13. Tabora si Marekani, na wastani haumlindi mtu mmoja mmoja. Lakini takwimu hizo zinatuambia swali la kuuliza ni lipi. Huku kwetu riba ni kubwa, kwa hiyo mifuko mingi huingiza mtaji badala ya kuitwisha kampuni deni la kuinunulia. Muulize meneja wako waziwazi: je, kiwanda kimekopeshwa ili kinunuliwe, na marejesho ya mwezi ni kiasi gani? Kama deni halipo, hiyo ni habari njema ambayo watu hawajaambiwa. Kama lipo, wewe unapaswa kujua kabla ya kuahidi chochote.

Swali la pili la kupata jibu lake wiki hii: waliuziwa hisa au waliuziwa mali? Umeandika kwamba mzee aliuza sehemu ya umiliki, kwa hiyo nadhani ni hisa. Unaweza kuhakikisha kwa kupekua kumbukumbu za kampuni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Kama ni hisa, mwajiri ni yuleyule. Kampuni ni ileile, mikataba ni ileile, na miaka ya utumishi haianzi upya. Mtu aliyeingia mwaka 2014 bado ana miaka yake yote. Ingekuwa wamenunua mitambo, majengo na jina la bidhaa kwa kupitia kampuni mpya, hali ingekuwa tofauti, kwa sababu sheria yetu haimhamishi mfanyakazi moja kwa moja kwenda kwa mwajiri mpya, na hapo miaka ya nyuma ama inalipwa na yule wa zamani au inabebwa kwa makubaliano ya maandishi. Liandike hili kwenye karatasi moja, Kiswahili chepesi, libandike ubaoni. Na mtu yeyote akiletewa barua mbili asaini kwa pamoja, moja ya kujiuzulu na nyingine ya kuajiriwa upya, asiweke saini kabla ya kuonana na chama cha wafanyakazi. Nimeona watu wakipoteza miaka ya jasho kwa saini ya dakika moja.

Sasa uvumi wa kupunguzwa. Hutauzima kwa kusema "msiwe na wasiwasi." Utaushusha kwa kuwaeleza watu nini kinapaswa kutokea kabla mtu hajapunguzwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio lake mapema, aweke mezani taarifa zinazohusika, kisha ashauriane na chama kinachotambuliwa, au na wafanyakazi wenyewe kama hawana chama, kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuwachagua watakaoondoka, muda, na malipo. Wasipoelewana, shauri huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anayelipwa kwa mwezi ana haki ya notisi isiyopungua siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka 10. Mwenye mshahara wa msingi wa 390,000 na miaka minane kazini, kwa hesabu ya siku 26 za kazi kwa mwezi, siku yake moja ni 15,000. Siku saba ni 105,000. Miaka minane ni 840,000. Juu yake kuna siku za likizo ambazo hajazichukua, cheti cha utumishi, na nauli kama aliajiriwa kutoka mbali. Anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kulalamika Tume, na wengi hukosa haki kwa kuchelewa.

Utasema, nikiwapa hesabu hizi si nitawatisha zaidi? Uzoefu wangu unakataa. Mtu akijua kwamba hawezi kuamka asubuhi akakuta jina lake getini, analala. Aidha, watu wakielewa utaratibu, nawe una ngao: mkubwa akitaka kuruka hatua, huhitaji kubishana naye kwa hisia.

Chai, msiba na ada ni fungu jingine, na naona hapa ndipo penye kazi yako kubwa. Kwa mzee, hayo hayakuwa kwenye mkataba. Yalikuwa yeye. Gari la kiwanda lilipokwenda msibani Igunga au Urambo, watu walijua kampuni ni ya nani na wao ni nani ndani yake. Mfuko hauwezi kuwa mzee, wala usiuombe uwe hivyo. Unachoweza kuuomba ni kugeuza wema wa mtu mmoja uwe utaratibu ulioandikwa, wenye kiwango na ukomo: rambirambi kiasi fulani, gari umbali fulani, mkopo wa ada usiozidi mshahara wa mwezi mmoja, unaokatwa kidogo kidogo kwa idhini ya maandishi ya mfanyakazi, kama sheria inavyotaka kwa makato. Huenda kiwango kikawa kidogo kuliko cha mzee. Watu watakubali kidogo kinachojulikana. Zaidi ya hapo, enzi za mzee, waliokuwa mbali naye pengine walipata kidogo kuliko waliokuwa karibu, na utaratibu ulioandikwa unaweza kuwa wa haki zaidi. Liseme hilo bila kumvunjia mzee heshima.

Na hiyo mashine ya kidole usiipigane nayo. Itumie. Saa za kawaida kisheria ni 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Wakati wa msimu, watu wenu wa kuchuja asali nina hakika wamekuwa wakibaki mpaka usiku kwa "asante" ya mdomo. Sasa kuna kumbukumbu isiyobishaniwa. Mwombe meneja ripoti ya mashine itumike kulipa ziada mwezi huuhuu, siyo kukata waliochelewa tu. Siku bahasha au ujumbe wa mshahara utakapoonyesha ziada iliyotokana na mashine ileile waliyoichukia, utakuwa umefanya kazi ambayo mechi ya mpira isingeweza.

Nije kwa mama wa mizani, kwa kuwa kwake kuna hoja ambayo mfuko utaielewa haraka kuliko zote. Ndoo ya asali ikifika mapokezi, kipimo cha maji kinasema asilimia tu: kiwango cha kimataifa cha chakula, Codex, ni maji yasiyozidi asilimia 20, na asali iliyorinwa mapema, masega yakiwa hayajafunikwa, huvuka hapo na kuchacha. Sawa, kijana yeyote atasoma kipimo. Lakini yeye alikuwa akifunua kifuniko, ananusa kama kuna moshi mwingi, anachovya kijiti, anaangalia inavyoshuka, halafu anamwuliza mleta ndoo habari za nyumbani na mvua ya huko kwao. Katika mazungumzo hayo alikuwa anajua ndoo hii imetoka mzinga wa nani, na kama dalali amechanganya. Na mrina asali aliyekataliwa na yeye alikuwa harudi nyumbani na hasira, kwa sababu ameambiwa kwa heshima na kuelekezwa. Ujuzi huo hauko kwenye vitabu vya hesabu, kwa hiyo mfuko haukujua kwamba umeupoteza.

Uandike, dada. Fungua daftari la mapokezi, linganisha msimu huu na uliopita: kilo ngapi zimepokelewa, ngapi zimekataliwa, wafugaji wangapi wa zamani hawajarudi, mapipa mangapi yamerudishwa na mteja. Zidisha kwa bei. Ukurasa mmoja unatosha. Halafu weka pembeni yake kiasi kilichookolewa kwa kufuta chai na kuchelewesha malipo ya wafugaji. Kuchelewesha malipo ni mbinu ya kawaida ya mifuko, fedha hubaki ndani ya kampuni siku nyingi zaidi. Kwa kiwanda cha mjini huenda ikapita. Kwa Tabora, mfugaji nyuki anayedai ni mjomba wa mtu wa zamu ya pili, na humkuta sokoni, kanisani, msikitini, akamwuliza mbele za watu fedha yake iko wapi. Kwa barua yako nadhani nusu ya huzuni ya watu wako ni aibu hiyo. Wanaona haya kusema wanafanya kazi wapi. Hakuna mpango wa kurudisha ari utakaofaulu deni la wafugaji likiwa bado linatembea mitaani. Mpigie mama yule simu, mwulize angerudi kwa masharti gani, nayo uyaweke kwenye ukurasa uleule.

Kuhusu meneja: msaidie, kwa kuwa umesema si mtu mbaya. Huenda alikotoka kupita haraka na kompyuta mkononi ndiko kuchapa kazi. Kwetu, anayewapita watu bila salamu amewaambia jambo, hata kama hakukusudia. Mwombe asimame getini zamu inapoingia, asalimie, ajue majina. Kisha kila Jumatatu dakika kumi na tano, watu wamesimama, aseme lililoamuliwa, na lile ambalo halijaamuliwa aseme litajulikana tarehe gani. Tarehe ikifika na jibu halipo, asimame vilevile aseme halipo. Asiogope maswali magumu. Yasipoulizwa pale yataulizwa WhatsApp usiku, bila yeye kuwepo kujibu. Kama chama kipo, mwakilishi wake tawini aujue ujumbe kabla ya kikao, si baada.

Juu zaidi ya meneja, tafuta kujua fedha za mfuko zimetoka kwa nani. Kama ndani yake kuna IFC ya kundi la Benki ya Dunia, au British International Investment ya Uingereza, au Norfund ya Norway, hao wana masharti ya kazi kwa kampuni wanazoziwekea fedha. Kiwango namba 2 cha IFC kuhusu kazi na mazingira yake kinadai wafanyakazi wawe na njia ya kupeleka malalamiko bila kuadhibiwa, na kampuni itafute njia mbadala kabla ya kupunguza watu wengi. Mara nyingi masharti haya yamelala kwenye kabati la ofisi ya mfuko huku kiwandani hakuna aliyewahi kuyasikia. Ombi lako la sanduku la malalamiko na mtu wa kuyashughulikia litakuwa na uzito tofauti ukilitaja kwa jina hilo.

Kuna jambo moja ambalo huenda likaonekana la mbali, ila nisingelala vizuri bila kulisema. KKR hiyohiyo ilinunua mwaka 2015 kiwanda cha milango ya gereji huko Illinois, CHI Overhead Doors, ikawapa wafanyakazi wote sehemu ya umiliki. Ilipokiuza kwa Nucor, kampuni ya chuma, mwaka 2022 kwa dola bilioni 3, wafanyakazi wa kulipwa kwa saa na madereva walipata kwa wastani dola 175,000 kila mmoja. Ninyi hamtapata hizo. Lakini kama mfuko utauza kiwanda chenu baada ya miaka mitano kwa bei iliyopandishwa na mikono ya watu themanini, ni haki kuomba leo, mapema, bonasi ya siku ya mauzo iandikwe. Ombi hili lipelekwe na chama, likiwa na hesabu.

Wewe mwenyewe uko mahali pagumu, na hujaniuliza habari zako. Nitazisema hata hivyo. Utaambiwa mambo ya siri, na watu watakuuliza. Ukiulizwa jambo unalolijua na umekatazwa kulitoa, jibu "siwezi kulizungumzia." Usijibu "hakuna." Ukidanganya mara moja, hakuna karatasi yako itakayosomwa tena pale ubaoni. Angalia mkataba wako, hakikisha michango yako ya NSSF inafika, kama unavyowahimiza wengine. Na ikitokea siku ukaagizwa utoe barua za kupunguza watu kabla mashauriano hayajafanyika, mwandikie meneja ushauri wako siku hiyohiyo, kwa adabu, ukitaja sheria na gharama ambazo Tume inaweza kuitwisha kampuni, uutume kwa barua pepe ya kazini, na nakala ibaki kwenye faili.